Kifungu cha Tisa

Fomu ya chuo ina kurasa sita.
Tumeijazia garini, nje ya ofisi, Al Khoudh,
kiyoyozi kikitupulizia joto kwanza, kama kawaida yake,
na kalamu iliyosahauliwa kwenye dashibodi
imevuja wino hadi kifunikoni.

Jina: Raudha binti Khalfan.
Fani: uhandisi wa maji.
Ada ya muhula: riali mia saba na arubaini,
nukta, sifuri, sifuri, sifuri.
Huku riali moja ni baisa elfu, ndiyo maana sifuri ni tatu.
Zimekaa mkiani mwa hesabu kama mayai
yasiyo na kuku wa kuyaatamia.

Kifungu cha nne: ufadhili kamili.
Walitaka tisini na tano kwa mia.
Nina tisini na tatu.
Mbili zilizopungua nazijua zilipo:
zilibaki wodini Nizwa, wiki ya mtihani wa kemia,
nimemshika baba mguu mmoja
na daktari anatafuta neno la upole
la kuutaja ule wa pili.
Fomu haina kisanduku cha wiki ile.

Cha tano: mkopo.
Bwana wa benki alitukirimu tende na kahawa,
akatufungulia jedwali la miaka kumi na miwili
lililopakwa kijani, utadhani deni ni bustani.
Mama, mzaliwa wa Gitega, ambaye mpaka leo
hesabu zake zote hufanya kwa Kiswahili,
akaninong'oneza: "Kukopa harusi..."
Bwana hakuinua hata macho.
"Kulipa matanga," akamalizia.
Kumbe bibi yake katoka Wete.
Tukacheka wote watatu, tukatikisa vikombe kwamba yatosha.
Riba haikushuka.

Cha sita, kazi za chuoni: nimeweka vema.
Maktaba, jioni nne kwa wiki.

Cha saba kinauliza kama kaya inapokea posho ya jamii.
Mama akakifunika kisanduku kwa kidole gumba.
"Sisi si wa huko."
"Mama, mguu wa baba..."
"Mguu wa baba yako si cheti."
Kidole kikakaa pale pale.
Mama neno msaada halimpiti kooni;
kusaidiana, hilo analimeza bila maji.

Cha nane nimekiruka, kinahusu walioajiriwa.

Cha tisa: Vyanzo vingine, kama vipo.
Mistari mitatu.
Nikaandika bangili mbili za mama, duka la dhahabu, Mutrah.
(Nne zilizobaki, akisuka nywele zangu,
zina mlio mwingine.)
Nikaandika Bi Jokha wa mlango wa pili,
anayenunua sambusa zetu hamsini kila Alhamisi
naye daktari kamkataza mafuta.
Mistari ikaisha.
Nikaingia ndani kuomba karatasi ya ziada,
nikaandika kwa kusimama:
Prakash wa basi la wafanyakazi, anayenipakia Mabela
na kunishusha getini, akisema nauli tutazungumza,
na hatuzungumzi.
Kikokotoo cha Ibtihaj, kina jina la kaka yake kwa msumari.
Mwalimu wa fizikia aliyesahau kwa makusudi
kitabu chake mezani kwangu, mwaka mzima.
Ami Hilali wa Ibra, nusu ya muhula wa kwanza;
halafu akaoa.

"Una risiti za hivi?" karani akauliza.
"Sina."
Akanitazama, akatazama saa, akabana karatasi kwa pini.
"Majibu wiki sita."
Kisha akarudi ukurasa wa tatu, akauinua kwenye taa.
Ndani ya kisanduku cha saba
palikuwa na duara la buluu, mistari mistari,
gumba zima la mama.
"Hii ni alama, au doa?"

Kupitia kioo niliwaona: mlango wa gari wazi,
mama anammenyea baba chungwa,
anamtoa mbegu moja moja kabla ya kumlisha.

Nikasema, ihesabu.